Jinsi ya kuibua ujuzi ambao timu yako inao lakini haijawahi kuusema

Hivi karibuni nimesaidia timu ya ghala kumwandaa mrithi wa mtunza ghala aliyekuwa anakaribia kustaafu. Kazi kama hiyo niliwahi kuifanya kabla, mahali pengine, nikashindwa. Kosa langu liko katika hatua ya 3, ndiyo maana hatua hiyo ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kama bosi wako haoni umuhimu wa jambo hili, mweleze kuhusu utafiti wa Robert Huckman na Gary Pisano wa mwaka 2006. Waliwafuatilia wapasuaji wa moyo wanaofanya kazi katika hospitali zaidi ya moja. Mpasuaji alipofanya operesheni nyingi katika hospitali fulani, matokeo yake yaliboreka hapohapo, lakini akienda hospitali ya pili sehemu kubwa ya nafuu ile hakwenda nayo. Mikono ni ileile. Waliobadilika ni watu waliomzunguka.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja. Usichague idara nzima. Chagua kazi inayojirudia kila wiki na ambayo ikiharibika mteja anaumia.

Hatua ya 2: Hesabu maswali kwa siku tano. Chukua karatasi moja uandike nani kauliza, kamuuliza nani, kuhusu nini. Fomu za mtandaoni siziamini kwa kazi hii, maana watu hujaza kile wanachodhani kinatakiwa.

Hatua ya 3: Kaa kando utazame. Usihoji bado.

Kule nilikoshindwa, nilimhoji mtunza ghala kwa wiki mbili, nikatoka na kurasa 40. Mzee yule hakunificha kitu. Alinieleza kazi kwa uaminifu, kama inavyopaswa kufanywa. Alipoondoka, mizigo ikaanza kurudishwa. Tulihangaika siku nyingi kabla ya kugundua kwamba karani wa oda alikuwa na mazoea ya kuilaza kwa mshazari hati ya mteja asiyekubali bidhaa mbadala. Mzee akiikuta imelala hivyo, hakubadilisha bidhaa yoyote. Hawakuwahi kukaa wakakubaliana, ilizoeleka tu. Kijana aliyepokea kazi alikuwa nadhifu, na kila asubuhi alilinyoosha lile rundo la hati likakaa sawasawa. Katika kurasa zangu 40 neno mshazari halikuwepo, kwa sababu nilimhoji mtu mmoja ilhali ujuzi ulikaa kati ya watu wawili.

Kwa hiyo tazama pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Keti mahali unapomwona anayetoa na anayepokea kwa pamoja. Siku mbili za mwanzo usizitegemee, kwani mtu akijua anatazamwa hufuata kanuni zote. Siku tulivu nazo hazionyeshi mengi. Rudi mwisho wa mwezi, au siku ambayo mmoja wao hayupo.

Tumia daftari na kalamu, usipige video. Kamera huwafanya watu waigize, na saa 30 za picha hakuna atakayezitazama. Andika kila mtu anaposita, anapomgeukia mwenzake bila kusema, au anaposema "hiyo iache kwanza".

Usimuulize "kwa nini" papo hapo. Atakutungia sababu nzuri, na yeye mwenyewe ataiamini. Subiri kazi ipoe, kisha mwonyeshe ulichoandika: "Saa nne uliiweka hii pembeni. Uliona nini?" Neno "uliona" humrudisha kwenye tukio, wakati "kwa nini" humpeleka kwenye kujitetea.

Jambo la mwisho hapa: msimamizi akitaka kulisoma daftari, mkatalie. Siku watakapohisi unawakagua, hutaona tena kitu cha kweli.

Hatua ya 4: Sasa uliza, lakini kuhusu siku moja mahususi. "Mara ya mwisho mambo yalipoharibika, uligunduaje mapema?" Kisha: "Mgeni angekosea wapi?" Waulize wote wawili wakiwa pamoja. Mmoja akisema "lakini mimi nilidhani wewe ndiye...", acha kuongea uandike.

Hatua ya 5: Andika ukurasa mmoja tu wa makabidhiano, kisha mzoefu na mrithi wafanye kazi bega kwa bega. Mwaka 1974 mwanasosholojia Harry Collins alieleza jinsi maabara za Uingereza zilivyojaribu kuunda aina fulani ya leza. Hakuna waliofaulu kwa kutegemea makala zilizochapishwa peke yake. Waliofaulu walikuwa wamewasiliana na mtu aliyekwisha kuiunda. Kwa hiyo ukurasa ule ubebe alama na vizuizi, na mengine yote yapite mikononi: mrithi afanye, mzoefu atazame.

Hatua ya 6: Mzoefu aondoke siku tatu, asipigiwe simu. Fanya hivi angalau mwezi mmoja kabla hajaondoka kabisa. Kila mtu anapotamani kumpigia, andika alitaka kuuliza nini. Hayo ndiyo yaliyobaki, na bado muda upo.

Hatua ya 7: Chuja. Mazoea nayo huchakaa. Watafiti Berman, Down na Hill walichunguza timu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba wachezaji kukaa pamoja kuliinua matokeo, lakini faida ilipungua kadiri muda ulivyozidi, hatimaye ikageuka hasara. Timu niliyoisaidia safari hii ilikuwa ikihesabu mara mbili kila katoni ya bidhaa fulani, na hakuna aliyejua sababu. Mwishowe mtunza ghala wao anayestaafu akakumbuka: msambazaji mmoja alikuwa akipunja, naye aliachwa miaka mingi iliyopita. Tukaifuta hesabu ya pili siku hiyohiyo.