SOMO: Kupanga maua ya bustani yako kwenye chombo yakadumu wiki nzima

Kila inapokaribia Pasaka au msimu wa harusi hapa Tukuyu, naulizwa swali lilelile: "Mbona maua yangu yamenyauka kesho yake?" Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika somo zima ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya kwanza. Osha chombo kwa sabuni na kukisuuza, hata kama kinaonekana safi.

Hatua ya pili. Kata kabla ya saa mbili asubuhi, ukiwa umebeba ndoo ya maji hadi bustanini. Waridi hukatwa tumba linapoanza kulegea, gladiola maua mawili ya chini yanapoonyesha rangi, lakini dalia lazima liwe limekwisha kuchanua, kwa sababu likikatwa likiwa tumba halifunguki tena.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo somo lenyewe. Nilikabidhiwa kupamba meza za sendofu ya binti wa kaka yangu. Nilikata mawaridi Ijumaa saa saba mchana, nikayabeba mikononi, nikasimama langoni kuzungumza na jirani, kisha nikayatumbukiza kwenye ndoo pamoja na majani yake yote. Jumamosi alfajiri shingo zilikuwa zimepinda, maji yananuka kama ya kulowekea mihogo, na nilipopitisha kidole kwenye ncha ya kikonyo nikakuta ute wa kahawia. Binti alipambiwa meza kwa majani matupu, na sijasahau uso wake.

Sababu ni hii: ndani ya kikonyo mna mirija myembamba inayopandisha maji, na ua likikatwa na kukaa nje ya maji mirija hiyo huvuta hewa ikaziba, majani yaliyozama nayo huoza, yakalisha bakteria ambao huja kuziba palipobaki. Ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Kwa hiyo toa kila jani litakalozama, bila kubakiza hata moja, kata tena ncha kiasi cha sentimita 2 kwa mshazari ukitumia kisu kikali, ikiwezekana ncha ikiwa majini, kisha acha maua yanywe maji ndani ya ndoo, mahali penye kivuli, kwa saa mbili au usiku kucha, kabla ya kuyapanga.

Angalieni mambo mawili. Msipondeponde ncha kwa jiwe kama wengi tulivyofundishwa, maana mnaivunja mirija ileile mnayotaka ifanye kazi. Na yale maua meupe yanayoota kwenye mabonde yenye maji, kala lili, yana utomvu unaowasha, hivyo nawa mikono na usiwaache watoto wayatafune.

Hatua ya nne. Katika lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari, kimoja cha maji ya limau, na nusu kijiko cha chai cha jiki. Maji yatangulie chomboni; usichanganye kamwe jiki na limau pasipo maji, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu.

Hatua ya tano. Anza na majani, mimi hupenda makangaga na vitawi vya mkaratusi, yasukane mdomoni mwa chombo yawe wavu wa kushika maua. Maua mazito yakae chini karibu na mdomo, mepesi yapande juu, na la juu kabisa lisizidi sana mara moja na nusu ya urefu wa chombo. Zungusha chombo kila unapoongeza ua, kwa kuwa wageni hawatakaa upande mmoja.

Hatua ya sita. Badilisha maji kila baada ya siku mbili na ukate ncha upya.

MASWALI

Wa Makambako: Maua yangu yananyauka siku ya pili, nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya tatu, kisha utuambie kama majani uliyatoa.

Wa Uyole: Mimi natia soda nyeupe tu na maua yanadumu. Hiyo jiki unatutisha bure.

Jibu: Sijamtisha mtu. Soda ina sukari na ukali kama wa limau, ndiyo maana inasaidia, lakini sukari bila kitu cha kuua bakteria inawalisha hao hao. Kama yanakudumia, endelea.

Wa Njombe: Shikamoo mama. Nimefuata kila hatua, maji ni safi, lakini siku ya tatu petali zinapukutika zote. Chombo kipo mezani, mbali na jua.

Jibu: Marahaba mwanangu. Mezani pana matunda?

Wa Njombe: Kuna kapu la maparachichi, tunayasubiri yaive.

Jibu: Umelipata jibu. Parachichi na ndizi zinapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huzeesha maua haraka. Kosa hili nilipaswa kuliandika ndani ya somo, na nakushukuru kwa kueleza vizuri. Hamisha kapu, si maua.

Wa Mbeya mjini: Wikiendi tunakwenda Kitulo. Okidi za kule hukatwa zikiwa hatua gani?

Jibu: Hazikatwi. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005.

Wa Mafinga: Dada, nje kidogo ya mada. Mimi na jirani tulichukua vipandikizi vya hidranja kutoka kichaka kimoja, vyangu vinatoa maua ya bluu na vyake pinki. Inawezekanaje?

Jibu: Swali zuri sana. Udongo wetu una tindikali, ndiyo maana chai inastawi Mufindi na huku Rungwe, na katika udongo wa namna hiyo hidranja hupata alumini inayoleta bluu. Je, jirani humwaga majivu ya jikoni pale shinani?

Wa Mafinga: Kila siku!

Jibu: Majivu hupunguza tindikali. Nawe ukitaka pinki, weka kidogo kidogo kuanzia sasa, na usitarajie maua yaliyokwisha kuchanua yabadilike, subiri yajayo. Na hidranja ikilegea chomboni, zamisha kichwa chote cha ua ndani ya maji baridi kwa nusu saa, maana hunywa hata kwa petali zake.