Kupima Upungufu wa Damu Katika Jamii: Anza na Mwili, Kisha Dodoso

Mtafiti anayetaka kujua ukubwa wa upungufu wa damu kwa watoto wadogo achore kwanza njia ya madini ya chuma mwilini: kutoka utumbo mwembamba hadi kwenye damu, kisha kwenye uboho, zinakotengenezwa chembe nyekundu zinazoishi takriban siku 120. Kwenye kila hatua aandike kinachoweza kuharibika. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, malaria hupasua chembe, selimundu huzifupishia maisha, na lishe duni huunyima uboho malighafi. Vipimo na maswali yatoke kwenye mchoro huo.

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu, huonyesha kwamba damu imepungua, lakini haisemi kwa nini. Feritini, protini inayohifadhi chuma, huonyesha akiba yake, na hapa ndipo tafiti nyingi hupotoka: mwili unapopambana na maambukizi feritini hupanda, huku ini likitoa homoni ya hepsidini, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma na kukizuia ndani ya seli za akiba. Mtoto mwenye malaria huweza kuonekana ana chuma cha kutosha ilhali uboho wake unakikosa. Kwa hiyo protini ya CRP, ambayo hupanda mwili unapopambana na maambukizi, ipimwe katika sampuli ileile. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, Shirika la Afya Duniani (WHO) huweka kikomo cha feritini kuwa mikrogramu 12 kwa lita kwa aliye mzima, na 30 kwa mwenye maambukizi.

Wakati wa kutoboa, kidole kisikamuliwe, maana majimaji ya tishu huchanganyika na damu na kushusha kipimo. Matone ya kwanza yafutwe. Matokeo ya Mbeya yasilinganishwe na ya Tanga kabla ya kurekebishwa kwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hemoglobini huwa juu zaidi kwa wakazi wa nyanda za juu.

Majaribio ya tiba yanadai uangalifu zaidi. Huko Pemba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walikabiliwa na hatari ya kulazwa au kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12, na sehemu hiyo ikasitishwa. Hata hivyo, waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walinufaika. Wastani wa jumla ungeficha tofauti hiyo. Makundi ya uchambuzi, kwa hali ya chuma na ya malaria, yaamuliwe kwenye itifaki, yaani mpango wa utafiti unaoandikwa kabla ya kuanza, na ukubwa wa sampuli ukokotolewe kwa kila kundi, kwa sababu mgawanyo unaobuniwa baada ya data kukusanywa mara nyingi hukuta kundi muhimu lina watoto wachache mno.