Kusaka alama za vinasaba za ukuaji kwa sato, kuanzia bwawani

Alama ya vinasaba ni kipande cha DNA kinachotofautiana kati ya samaki na kuendana na sifa fulani, kama ukuaji. Ukitajiwa vinasaba utawaza maabara. Kwa sato, kazi kubwa iko kwenye mizani na daftari. Uzito ukiandikwa ovyo, hakuna mashine ya DNA itakayokusaidia.

Hatua ya 1: Kuza pamoja. Chukua vifaranga wa umri mmoja kutoka kwa wazazi kadhaa unaowajua. Mwanzoni kila ukoo ukae kwenye hapa yake, yaani kizimba cha wavu ndani ya bwawa. Wakifika gramu 20 hivi, kila samaki atiwe chipu yenye namba, kisha wote waingie bwawa moja. Ukiwagawa mabwawa tofauti, hutajua kilichowakuza ni ukoo au ni maji.

Hatua ya 2: Pima na ukate pezi. Walaze kwa mafuta ya karafuu, lakini yayeyushe kwanza kwenye ethanoli kidogo, la sivyo hayatachanganyika vizuri na maji. Samaki akilala ubavu, mkaushe kwa kitambaa chenye unyevu, pima uzito na urefu, kata kipande cha pezi la mkia kidogo kuliko ukucha wako. Pezi litaota tena. Kipande kiingie kwenye kichupa cha ethanoli ya asilimia 95, usitumie formalini, maana inaharibu DNA. Namba iandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha ndani. Wino wa kalamu hufutika humo, na sampuli isiyo na namba ni takataka. Safisha mkasi kwa kila samaki.

Hatua ya 3: Maabara. Wengi huanza na jeni ya homoni ya ukuaji au ya prolaktini, homoni inayosaidia samaki kudhibiti chumvi mwilini. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kuwa urefu wa kipande kinachojirudia karibu na jeni ya prolaktini ulihusiana na ukuaji wa perege (jamii ya sato) chotara, ila uhusiano huo ulitegemea chumvi ya maji. Kwa hiyo alama ya kwenye maji ya chumvi usiibebe kichwakichwa hadi bwawa la maji baridi.

Hatua ya 4: Jinsia, hapa ndipo wengi hunaswa. Dume wa sato hukua haraka kuliko jike. Alama yoyote iliyo jirani na jeni ya jinsia, ambayo kwa koo nyingi iko kromosomu ya 23, itajifanya alama ya ukuaji. Kagua jinsia ya kila samaki, uiingize kwenye hesabu pamoja na ukoo na uzito wa kuanzia.

Hatua ya 5: Rudia kwa kizazi kingine. Ukuaji unaendeshwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, hivyo alama nyingi huyeyuka hapa. Mbegu bora ya sato iitwayo GIFT, iliyoanzishwa Ufilipino mwaka 1988 kwa sato wa Misri, Ghana, Kenya na Senegal pamoja na wa kufugwa Asia, ilijengwa kwa kupima uzito na kuchagua koo, si kwa alama za DNA.

Hata alama ya ukuaji ikikukimbia, DNA uliyokwisha kulipia itakuonyesha nani ni mtoto wa nani. Itumie kupanga wazazi wa msimu ujao: dume na jike wenye baba mmoja au mama mmoja wasiwekwe hapa moja.