Usilipie Orodha ya Maneno: Msamiati wa SAT kwa Watoto Wetu Walioko Marekani

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa darasa la kumi au la kumi na moja hapa Marekani na umeshaanza kuulizia tuisheni ya SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu hapa, soma hili kabla hujatoa pesa.

Kuna kituo cha tuisheni hapa Houston, jina nitalihifadhi, kilichotuuzia mimi na mume wangu kifurushi cha msamiati: sanduku la kadi, kitabu kinene cha maneno elfu tano, na vipindi vya Jumamosi vya kukaririshwa. Bei yake ilizidi kodi yetu ya nyumba ya mwezi. Binti yetu alikesha na zile kadi mpaka akawa anakutajia maana ya "lachrymose" na "pulchritude" bila kupepesa. Alipofanya mtihani wa majaribio, si "lachrymose" wala "pulchritude" iliyotokea, na alama zake za Kiingereza zilibaki palepale. Tulipodai pesa yetu, tukaonyeshwa ukurasa wa mwisho wa mkataba, herufi ndogo kama chawa: malipo hayarudishwi.

Kitabu kile kilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena. Zamani SAT kweli iliuliza maneno ya ajabu. Kulikuwa na maswali ya kulinganisha jozi za maneno, yakaondolewa mwaka 2005. Yakabaki ya kujaza sentensi kwa maneno adimu, nayo yakaondolewa mwaka 2016. Mtihani umebadilika tena tangu hapo: unafanywa kwenye kompyuta, nje ya Marekani tangu 2023 na hapa ndani tangu 2024. Lakini vitabu vya kabla ya 2016 vimejaa kwenye maduka ya mitumba, na walimu wa mitaani wanaendelea kuvifundishia kwa sababu orodha ni rahisi kuuza. Mzazi anaiona, anaishika, anahisi amenunua kitu. Narudia: ukiona mtu anakuuzia idadi ya maneno, ondoka.

Na ndugu zetu wa nyumbani, jamani, tunajua mnatupenda. Lakini mjomba anayetuma kwenye kundi la familia faili la "maneno 3000 ya GRE" ili mtoto "ajisomee", GRE ni mtihani wa watu wanaoomba shahada ya uzamili. Huyu yuko sekondari. Na shangazi anayesema "huyo alisoma English medium toka chekechea, Kiingereza kitamshinda wapi?", kile cha kuongea na cha makala ya kitaaluma ni vitu viwili. Wapo watoto waliozaliwa hapa hapa, Kiingereza kinawatoka puani, na sehemu hii inawaangusha.

Sisi tuliopitia mitihani ya taifa ya nyumbani, NECTA ya Tanzania au KCSE ya Kenya, tunajua kazi: silabasi ipo, mitihani ya miaka iliyopita ipo, unakremu, unaingia. Ukiulizwa maana ya neno unaandika maana. SAT haiulizi maana. Inakupa kifungu kifupi, kati ya maneno 25 na 150, kina pengo moja na machaguo manne, na inataka neno linaloingia pale kwa mantiki na kwa usahihi kuliko mengine. Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe: watafiti wa awali walidai bonde fulani lilichimbwa na mto, lakini vipimo vipya vya miamba ______ (hapa ndipo pengo) dai hilo, kwa kuwa vinaonyesha barafu ilipita pale. Machaguo: "substantiate", "undermine", "replicate", "anticipate". Mtoto aliyekariri anayajua yote manne na bado anakosa, kwa sababu anakimbilia lile linalosikika zito. Mfundishe hivi: afunike machaguo kwa mkono, asome mpaka mwisho, ajaze pengo kwa Kiswahili chake. Kuna "lakini", kuna ushahidi unaopinga, basi neno ni "vinadhoofisha". Ndipo afunue mkono atafute mwenzake: "undermine". Jambo hili lilimsaidia binti yetu kuliko sanduku zima la kadi, na limetokana na lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Kuna mtego mwingine ambao orodha haiugusi kabisa, nao ni maneno anayodhani anayajua. "Novel" kwake ni kitabu cha hadithi; kwenye kifungu cha sayansi ni kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana. "Champion" ni bingwa, lakini ikiwa kitenzi ni kutetea hoja au mtu. "Qualified" si kuwa na vyeti tu. Sifa iliyo "qualified" ni sifa iliyotolewa kwa masharti, nusu nusu. "Check" ni kuzuia, "betray" ni kufichua bila kukusudia, na "sanction" inaweza kuwa kuruhusu au kuadhibu kutegemea limekaa wapi. Haya ndiyo ya kuandika kwenye daftari, na yaandikwe pamoja na sentensi nzima yalimotokea. Neno lisilo na sentensi yake lisiandikwe.

Sentensi hizo atazipata kwa kusoma. Makala za sayansi, historia, uchumi, sanaa, kidogo kila siku, kwa kuwa vifungu vya mtihani vinatoka huko huko. Kadi ya maktaba ya umma ni bure. Mazoezi ya SAT kwenye tovuti ya masomo ya Khan Academy ni bure. Programu ya Bluebook, ambayo ndiyo yenyewe atakayofanyia mtihani, ina mitihani kamili ya majaribio, bure. Sehemu ya Kiingereza ni maswali 54 kwa dakika 64, imegawanywa mara mbili, na ugumu wa nusu ya pili unategemea alivyofanya ya kwanza. Maswali ya msamiati ndiyo yanayofungua kila nusu, kwa hiyo asiyachezee. Akikwama abahatishe, kosa halikatwi alama.

Nimeishi hapa muda wa kutosha kuona jambo moja linaloniuma. Watoto wa wenyeji wenye uwezo hawapati msamiati kwenye kadi. Wanaupata mezani wakati wa chakula, baba anauliza "wewe unaonaje hukumu hii ya mahakama?" na mtoto wa miaka kumi na mbili anajibu na kubishiwa. Kwetu mtoto akitia neno tunamwambia wakubwa wanaongea. Heshima tuilinde, mimi ni wa kwanza, lakini tumpe nusu saa ya kubishana nasi, hata kwa Kiswahili. Anayeweza kujenga hoja kwa lugha moja ataitambua akikutana nayo kwa nyingine. Lingine ni kwamba Wamarekani hawakufuati kukuambia haki zako. Mshauri wa shule ana mamia ya wanafunzi, na anayehudumiwa ni anayebisha hodi.

Kwa hiyo bisheni hodi kwa mshauri mumuulize msamaha wa ada ya SAT. Mtoto wa darasa la 11 au 12 anayestahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu shuleni anastahili pia kufanya SAT mara mbili bila kulipa. Muulize pia kama chuo anachokitaka kinahitaji alama hizo. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, Dartmouth na Harvard zikafuata 2024. Vyuo vya University of California havitazami alama za SAT kabisa wakati wa kudahili. Kujiandikisha ni kufungua akaunti ya College Board, wenye mtihani wa SAT, na kuchagua tarehe.

Ukiona bado lazima ulipie mwalimu, mwambie afungue Bluebook mbele yako, achukue swali moja la pengo, na amweleze mtoto kwa nini machaguo matatu hayafai. Akianza kutoa kadi mkobani, mshukuru na umsindikize mlangoni. Na mkataba wowote, anza kuusoma kutoka ukurasa wa mwisho.