Kabla hujachomeka muziki uliotoka nao Marekani

Unarudi Kigoma na muziki wako? Anza kabla hujafunga mzigo: geuza kila kifaa, usome maandishi ya mgongoni. Marekani umeme ni volti 120, hezi 60 (hezi, au Hz, ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kwetu ni volti 230, hezi 50. Palipoandikwa 100–240V, 50/60Hz huna kazi, badilisha waya wa plagi tu. Palipoandikwa 120V peke yake, tulia kwanza.

Adapta ya plagi isikudanganye. Inabadilisha miguu tu, volti zinapita vilevile, na amplifaya inaungua kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

Baadhi ya amplifaya zina swichi ya 115/230 nyuma. Igeuze kwa bisibisi huku plagi imechomolewa. Nyingine hazina swichi, ila transfoma ya ndani ina koili mbili za kupokea umeme: kwa volti 120 zimeungwa sambamba, kwa 230 zinaungwa mfululizo. Hapo mtafute fundi redio, tena umpe mchoro wa mashine hiyohiyo, maana kubahatisha rangi za nyaya ndiko kunakoua vifaa vizuri. Kapasita kubwa, vile vihifadhi umeme vya ndani, nazo hubaki na chaji baada ya kuchomoa, kwa hiyo asiyejua asifungue. Na fyuzi! Volti zikiongezeka maradufu, ampea zinashuka nusu: iliyokuwa ya ampea 4 iwe ya 2, aina ileile. Ukiiacha ya zamani, hailindi kitu.

Ikishindikana, nunua transfoma ya kushusha umeme. Angalia wati za kifaa, uchague yenye uwezo wa mara moja na nusu au zaidi, hasa kama ni amplifaya ya kwaya inayopigwa kwa nguvu.

Lakini transfoma haigusi hezi. Mashine ya santuri yenye mota ya AC (umeme kama wa ukutani) inayofuata hezi, iliyotengenezwa kwa hezi 60, hapa itazunguka mara 28 hivi kwa dakika badala ya 33, na mwimbaji ataburuza sauti. Yenye mkanda huponywa na puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya hezi 50, iagize ukiwa bado huko. Yenye mota ya DC (umeme kama wa betri) haina shida hiyo.

Mwisho, weka stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti zinazopanda na kushuka. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke.