SOMO: VM inakataa hwclock, saa ya maunzi haipatikani. Soma hapa kabla ya kunipigia

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, mara mbili kwa simu usiku. Mtu ana seva ya kukodi, au ana kompyuta yake ofisini iliyobeba mashine pepe (VM) kadhaa, yaani kompyuta za programu tu ndani ya kompyuta halisi. Saa imekaa vibaya, anaandika hwclock --systohc kama alivyozoea, anajibiwa:

hwclock: Cannot access the Hardware Clock via any known method.

Anadhani seva imekufa. Haijafa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kompyuta ya kawaida ina saa mbili. Moja iko kwenye bodi na inaishi kwa betri ndogo ya CR2032 hata umeme ukikatika. Hiyo ndiyo saa ya maunzi, RTC. Ya pili ni ya kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji; inazaliwa mashine inapowaka na kufa inapozimwa. Kerneli ikiamka huichungulia ile ya bodi, kisha hujihesabia yenyewe. Kazi ya hwclock ni kuhamisha muda kati ya hizo mbili, basi. Sasa VM haina bodi wala betri. QEMU/KVM na VirtualBox, programu za kuendesha VM, huiga chipu ya saa ya MC146818, ile iliyokuwa ndani ya IBM PC AT ya 1984, kwa hiyo mgeni (VM yenyewe) anaona kama ana saa. Xen, programu nyingine kama hizo, ikiwa ya aina ya PV haiigi. Kontena, iwe LXC, OpenVZ au Docker, ni chumba tu cha programu kilichotengwa, halina hata kerneli yake. Linatumia ya mwenyeji, yaani kompyuta iliyolibeba. Ndiyo maana kosa ni moja lakini dawa si moja.

HATUA YA 1. Jua uko ndani ya nini.

systemd-detect-virt

Itajibu kvm, oracle, vmware, microsoft, xen, lxc, openvz, docker, au none. Andika jibu pembeni.

HATUA YA 2. Tazama kama saa ipo.

ls -l /dev/rtc*
timedatectl

Kama hakuna /dev/rtc0 na timedatectl inaandika "RTC time: n/a", hakuna saa inayoonekana.

HATUA YA 3. Kwa VM kamili tu (kvm, oracle, vmware, microsoft): jaribu modprobe rtc_cmos. Ikitokea /dev/rtc0, ilikuwa moduli tu haijapakiwa. Andika jina lake ndani ya /etc/modules-load.d/rtc.conf. Ikikataa, achana nayo. Usihangaike na --directisa uliyoisoma kwenye masomo ya zamani. Hiyo huenda moja kwa moja kwenye milango ya maunzi, na kama chipu haijaigwa, upande wa pili hakuna kitu.

HATUA YA 4. Weka ukanda wa saa.

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

HATUA YA 5. Ukiwa ndani ya kontena, USIWEKE SAA.

Hapa msome polepole. Mwaka juzi nilikuwa natunza seva ya ushirika mmoja wa maziwa huko Rungwe. Kompyuta moja, Proxmox (mfumo wa kuendesha VM na makontena), makontena sita. Moja lilitoa stakabadhi kwa wafugaji wanaoleta maziwa alfajiri, jingine lilikuwa langu la kujaribia ripoti ya mwisho wa mwezi. Nilitaka ripoti ijione iko tarehe 1, wakati mwezi ulikuwa bado una siku tatu. Nikaandika date -s, amri ya kuweka tarehe, ikakataa: Operation not permitted. Sikujiuliza kwa nini imekataa. Nilikwenda kwa mwenyeji, nikaligeuza kontena liwe lenye mamlaka kamili, nikaondoa zuio la kubadilisha saa, sys_time, kwenye faili la mipangilio, nikaliwasha upya. Tarehe ikakubali, nikaenda kulala. Asubuhi wafugaji wote wa zamu ya alfajiri walikuwa wameshika stakabadhi za mwezi ambao haujaanza, na maziwa yao yamehesabiwa kwenye malipo ya mwezi huo. Kulikuwa na mama aliyekuwa akisubiri fedha ile kwa ada ya mtoto. Nilikaa siku mbili na daftari la mpokea maziwa nikirekebisha mstari kwa mstari, na bado kila nikipita Tukuyu naikumbuka sura yake.

Sababu ni hii: kerneli ni moja, na saa ya tarehe ni moja kwa mwenyeji na makontena yote. Ukiibadilisha chumba kimoja, umeibadilisha nyumba nzima. Linux 5.6 ya 2020 ilileta utengano wa muda kwa makontena, lakini unatenga zile saa zinazohesabu tangu mashine iwake. Saa ya tarehe haimo. Kwa hiyo:

ONYO: date -s ikikataa ndani ya kontena, inakulinda. Usiifungulie.
ONYO: Saa ya kontena inarekebishwa kwa mwenyeji. Kama umekodi na mwenyeji si wako, andikia waliokukodisha.
ONYO: Ukitaka kujaribu tarehe nyingine, sakinisha faketime. Mfano faketime -f '+3d' date huidanganya programu hiyo moja tu, wengine hawaguswi. Ningelijua hilo siku ile nisingemkosea yule mama.

HATUA YA 6. Kwa mwenyeji, na kwa VM yenye kerneli yake, weka chrony, programu inayolinganisha saa na seva za muda za mtandaoni. Kwenye faili lake la mipangilio hakikisha kuna:

pool africa.pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3

Mstari wa pili unairuhusu kuirusha saa katika masahihisho matatu ya mwanzo ikiwa tofauti inazidi sekunde 1; baada ya hapo huivuta taratibu. Fungua mlango wa UDP 123 wa kwenda nje. Pima kwa chronyc tracking. Mstari wa rtcsync ukiwepo uache, pasipo RTC haudhuru.

Kama lazima uweke kwa mkono, simamisha hifadhidata kwanza, ndipo date -s, kisha iwashe. Hasa ukirudisha saa nyuma.

Na bwana wa saa awe mmoja. Guest Additions, nyongeza ya VirtualBox inayowekwa ndani ya mgeni, hulinganisha saa ya mgeni na ya mwenyeji kila sekunde 10, na tofauti ikizidi dakika 20 huirusha. Ukiweka chrony humo bila kuizima hiyo, watavutana.

HATUA YA 7. Nyamazisha kosa wakati wa kuwaka. Kwenye Alpine Linux:

rc-update del hwclock boot
rc-update add swclock boot

Swclock huanza na muda uliohifadhiwa mara ya mwisho, angalau usirudi 1970, ambako kompyuta isiyo na saa huanzia.

MASWALI

Chuma wa Mwanjelwa: Mkuu nimefuata yote haifanyi kazi. Msaada wa haraka tafadhali.

Jibu: Hatua ya 1 imekujibu nini?

Chuma wa Mwanjelwa: Sijaifanya hiyo, niliona ya kuangalia tu.

Jibu: Ifanye.

Chuma wa Mwanjelwa: lxc

Jibu: Rudi hatua ya 5. Yote, pamoja na maonyo.

Dada wa Kihesa: Kamwene kaka. Chrony imewaka na tracking inasema iko sawa, lakini seva inaandika 05:10 na huku Iringa ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Inawezekanaje iwe sawa?

Jibu: Kamwene dada. Swali zuri, maana hapo kuna mitego miwili imelaliana. 05:10 ya seva si saa tano yetu. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza jua likichomoza, kwa hiyo saa mbili na dakika kumi asubuhi kwake ni 08:10. Toa 05:10, zinabaki saa 3 kamili, na sisi tuko mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo seva yako bado inaitumia, kwa saa 3. Chrony haikosei, umeruka hatua ya 4. Mimi hutumia kipimo hiki: ikipishana saa 3 kamili, ni ukanda. Ikipishana 6 kamili, kuna mtu aliandika saa ya Kiswahili kwa date -s. Ikipishana dakika na sekunde zisizoeleweka, hapo ndipo tuichunguze saa yenyewe.

Dada wa Kihesa: Imekubali! Na ile ya saa 6 imenifumbua, kuna karani wetu stakabadhi zake zote za asubuhi zinaonyesha usiku.

Fundi Uyole: Mimi nina ntpdate, cron inaiita irekebishe saa kila dakika tano, miaka sita sasa. Hii chrony ni kujisumbua.

Jibu: Ntpdate ikikuta tofauti inayozidi nusu sekunde inairusha saa, hata kwa kurudi nyuma, na hifadhidata yako ikiwa inaandika. Miaka sita hujaona tatizo, sawa. Umewahi kulitafuta kwenye logi? Mimi nimeeleza ninachokifanya kwenye seva zenye fedha za watu, na sibadilishi.

Mpanda Chai: Shikamoo mwalimu. Tuko Mufindi, intaneti hukatika hata siku tatu. VM zetu ni KVM. Kuna namna ya mgeni kupata muda bila mtandao?

Jibu: Marahaba. Ipo, tena nzuri. Ndani ya mgeni pakia modprobe ptp_kvm, utaona /dev/ptp0. Kisha kwenye chrony ongeza:

refclock PHC /dev/ptp0 poll 2

Mgeni atasoma muda wa mwenyeji moja kwa moja bila kugusa waya. Ila mwenyeji akipotea, wote wanapotea naye, kwa hiyo badilisha betri ya bodi yake kabla haijaisha. Na kama huwa mnasitisha VM umeme ukikaribia kuisha kwenye UPS, weka makestep 1.0 -1 kwa mgeni; hiyo -1 humruhusu kuirusha saa wakati wowote. Akiamshwa anakuta amebaki nyuma saa nzima au zaidi, na ile 3 itakuwa imekwisha kutumika.

Mpanda Chai: Kwa hifadhidata hiyo -1 si hatari?

Jibu: Umeona mbali. Akiamka huruka kwenda mbele, na mbele hakuna rekodi inayojirudia. Hatari iko kwenye kurudi nyuma. Kwa hiyo itumie kwa mgeni mwenye chanzo unachokiamini, si kwa kila mashine.

Kuku wa Mafinga: Nje ya mada kidogo. Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, inayosimamia mashine ya kutotolesha vifaranga. Umeme ukirudi bila intaneti tarehe inakuwa ya zamani na siku za mayai zinachanganyika. Nayo ni hili hili?

Jibu: Ni ndugu yake. Pi 4 haina RTC kabisa, ni chuma halisi lakini haina saa yenye betri. Nunua kimoduli cha DS3231, kinapotea sekunde 2 hivi kwa kila milioni, ni kama dakika moja kwa mwaka. Washa I2C, njia ambayo kimoduli huongea na Pi, kwenye config.txt ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, washa upya. Kama mfumo wako una fake-hwclock (saa bandia ya programu), iondoe. Intaneti ikiwepo na tarehe ikiwa sahihi, andika hwclock -w mara moja. Hapo hwclock itakubali, maana sasa ina saa ya kuandikia.

Kuku wa Mafinga: Mayai yako siku ya 12. Nikiizima kufunga hicho kimoduli hayataharibika?

Jibu: Andaa nyaya na faili kabla, kazi ya kuzima isizidi dakika kumi. Funika mashine kwa blanketi, baridi ya Mafinga unaijua, na usifungue mlango wake. Tarehe ya siku ya kwanza iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni leo hii.