Jinsi ya kutuma mswada wa tamthilia kwa kikundi kidogo cha maigizo Nairobi

Katika kikundi kidogo, anayesoma mswada wako kwanza mara nyingi ndiye mwelekezi, mweka hazina na mtafuta ukumbi kwa wakati mmoja. Kabla hajamaliza ukurasa wa pili ameshaanza kupiga hesabu: waigizaji wangapi, nguo za namna gani, vitu vingapi vya kubeba. Vikundi vingi vya Nairobi havina ukumbi wao. Hukodi Kenya National Theatre, Alliance Française au ukumbi wa shule, huingiza vifaa siku yenyewe au siku moja kabla, huigiza Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili, kisha huondoka. Nauli za mazoezi, matangazo, maleba na kodi ya ukumbi, vyote hivyo lazima virudishe pesa ndani ya wikendi hiyo moja. Miswada mingi huangukia hapo, hata ile iliyoandikwa vizuri.

Kwa hivyo kabla ya kutafuta anwani ya kutuma, hakikisha tamthilia yenyewe inabebeka.

Waigizaji, mandhari na muda

Waigizaji wanne hadi sita ni idadi ambayo kikundi kidogo kinaweza kuimudu bila kukosa usingizi. Ukiwa na wahusika 11 usikimbilie kuwafuta. Chora jedwali: maonyesho, yaani sehemu za tamthilia, yapange kwenda chini, majina ya wahusika yapange juu, kisha weka alama kila mhusika anapokuwa jukwaani. Wawili wasiokutana popote wanaweza kuigizwa na mtu mmoja. Angalia tu nafasi ya kubadilisha maleba. Anayetoka akiwa askari na kurudi akiwa mama mboga anahitaji dakika mbili hivi, yaani kurasa mbili ambazo wengine wanaendelea kuzungumza. Jedwali hilo litume pamoja na mswada, maana linamwondolea mwelekezi kazi ambayo angeifanya mwenyewe akiwa amechoka.

Mhusika wa kuogopwa zaidi ni yule wa sentensi mbili: mhudumu anayeleta chai, anasema "Karibu," anapotea. Atahudhuria mazoezi kama wengine na nauli yake ni ile ile. Maneno yake mpe mhusika mwingine, au yafanye sauti kutoka nje ya jukwaa.

Mandhari nayo ina hesabu yake. Tamthilia inaweza kutoka chumba cha kupanga Kawangware hadi ofisi Upper Hill hadi shambani bila tatizo lolote, iwapo kila mahali panaonyeshwa kwa meza, viti viwili na mabadiliko ya taa. Tatizo ni agizo kama "Pazia linafungwa, linapofunguliwa, sebule imekuwa wadi ya hospitali," ilhali kumbi ndogo nyingi hazina pazia la kufungwa wala nafasi pembeni ya kuficha vitanda. Kipimo kizuri: kila kifaa ulichokitaja kiingie kwenye pikapu moja, safari moja. Jiko la makaa linalowaka liondoe, kwa kuwa kumbi nyingi haziruhusu moto wazi. Mvua ilete kwa sauti na taa. Maji halisi sakafuni huteleza, na nyaya za umeme hazipo mbali.

Kuhusu muda, lenga dakika 60 hadi 90, bila mapumziko. Onyesho la saa kumi na mbili na nusu jioni likiburuta hadi saa tatu usiku, nusu ya hadhira inawaza matatu za kurudi nyumbani. Watu husema ukurasa mmoja wa A4 ni dakika moja. Hesabu hiyo inafaa kwa makadirio ya kwanza tu, kwani "Wanacheza ngoma" ni maneno mawili yanayoweza kula dakika nne, na ukurasa wa majibizano ya neno moja moja huisha kwa nusu dakika. Kipimo cha kuaminika ni kuisoma kwa sauti huku saa ya simu inahesabu.

Usisome mwenyewe. Alika watu wanne au watano, wape kila mmoja nakala, wewe kaa kimya na kalamu. Usieleze chochote. Msomaji akikwama mahali, weka alama. Wawili wakikwama mahali hapo hapo, sentensi ndiyo yenye kosa. Utagundua pia kwamba Otieno, Odhiambo na Opiyo katika onyesho moja humchanganya msomaji ambaye hajaona sura zao. Badilisha herufi za mwanzo za majina.

Ukurasa uonekaneje

Karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12 za aina ya kawaida kama Times New Roman au Arial, pambizo la sentimita 2.5 kila upande, namba kwenye kila ukurasa. Jina la mhusika liwe kwa herufi kubwa, upande wa kushoto au katikati ya mstari, bora liwe vile vile tangu mwanzo hadi mwisho. Maelekezo ya jukwaa yaweke ndani ya mabano kwa herufi za mlazo. Acha nafasi ya mstari mmoja kati ya msemaji na msemaji. Kila onyesho lianze kwa kutaja mahali na wakati, basi. Usieleze rangi ya kochi ila kama kochi litakuja kuwa na kazi.

Maelekezo yaandike kwa kile kinachoonekana au kusikika. "Anakumbuka jinsi babake alivyomfukuza" hakuna mwigizaji anayeweza kuionyesha. "Anaikunja barua, anairudisha mfukoni" inaigizika. Vilevile usimwekee mwigizaji hisia kila mstari (kwa hasira), (kwa huzuni), (kwa mshangao). Kama maneno yenyewe hayana hasira, mabano hayatayaokoa, na mwelekezi mzoefu huyachukulia kama dalili ya mwandishi asiyeyaamini mazungumzo yake.

Lugha ni jambo la kufikiriwa mapema. Jukwaa la Nairobi limezoea Kiswahili, Kiingereza na Sheng vikipishana ndani ya sentensi moja, na hakuna haja ya kuona haya. Linalosumbua ni tahajia: neno moja la Sheng likiandikwa kwa namna tatu, mwigizaji hulisoma kwa namna tatu. Chagua moja. Kumbuka pia kwamba Sheng ya mtaa huzeeka haraka, na mswada unaweza kukaa mwaka mzima kabla ya kuigizwa. Zima urekebishaji wa maneno kwenye simu au kompyuta, kwani hugeuza "kama" kuwa "karma" na mwandishi haoni hadi siku ya usomaji. Kama mhusika anaongea Kikamba au Dholuo, weka maana yake chini ya mstari kwa ajili ya mwelekezi, halafu amua kama hadhira inatakiwa kuelewa au la, na useme.

Kwa nyimbo, usijenge onyesho zima juu ya wimbo maarufu. Kuupiga mbele ya hadhira inayolipa kunahitaji kibali na malipo, na kikundi kidogo hakitataka mzigo huo. Andika aina ya muziki na hali unayoitaka.

Vitu vya kutuma

Soma tangazo la kikundi hadi mwisho kabla ya kuandaa chochote. Wengine huomba kurasa 10 za mwanzo tu, wengine mswada wote. Mwelekezi akiomba 10, mpe 10. Ukituma 80 unamwonyesha mapema kwamba maelekezo hayakuingii, na hiyo ni sifa mbaya kwa mtu atakayekaa naye kwenye mazoezi wiki sita.

Kama hakuna maelekezo, vitu vinne vinatosha: barua fupi, muhtasari, wasifu na mswada.

Barua isizidi nusu ukurasa. Taja jina la tamthilia, urefu kwa dakika, idadi ya waigizaji (si wahusika), lugha, kama imewahi kuigizwa au kusomwa mahali, na sababu ya kuchagua kikundi hicho. Sababu hiyo iwe ya kweli: onyesho lao ulilolitazama, au namna wanavyotumia jukwaa tupu. Barua iliyotumwa kwa vikundi 20 kwa mkupuo hujulikana, hasa anwani zote zikionekana pale juu. Mtu mzima usiyemjua mwandikie kwa heshima, "Kwa Mwelekezi" au jina lake, na usiingie kwenye WhatsApp yake ya binafsi saa tano usiku.

Muhtasari ni ukurasa mmoja, na unaeleza hadithi yote pamoja na mwisho wake. Waandishi wengi huficha mwisho ili wamtie msomaji hamu. Huyu si mnunuzi wa tikiti. Anataka kujua kama unajua kumaliza.

Wasifu uwe maneno 100. Kama hujawahi kuigizwa, sema unaandika nini na unaishi wapi, inatosha. Tamasha la drama la shule ulilotunukiwa miaka 15 iliyopita litaje kwa mstari mmoja.

Mswada uwe PDF. Faili ya Word hupangika upya ikifunguliwa kwenye simu, na wengi husoma kwenye simu. Faili ipe jina linaloeleweka, kwa mfano jina la tamthilia, jina lako na mwaka. Faili iitwayo "mwisho kabisa 3" hupotea kati ya nyingine za jina hilo hilo. Usitume kiungo kinachohitaji kuombewa ruhusa. Msomaji hataomba, ataenda kwa mswada unaofuata.

Mashindano mengine husoma bila majina. Hapo ondoa jina lako kwenye jalada na kwenye kila ukurasa, kisha fungua sifa za faili (Properties) ulifute na huko, kwani jina la mwandishi hubaki humo hata baada ya kugeuza kuwa PDF.

Kuhusu majira ya kutuma: vikundi vingi hutegemea kuzunguka shuleni na maigizo ya vitabu teule, na mihula inapopamba moto hakuna anayesoma kitu kipya. Mitihani ya taifa inapoanza, Oktoba na Novemba, kazi hiyo hupungua na miswada hufunguliwa.

Haki zako

Hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika tamthilia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailazimishi usajili. Hata hivyo usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hufanyika mtandaoni na hukupa cheti, ambacho husaidia sana mkibishana nani aliandika kwanza. Weka pia baruapepe na rasimu zenye tarehe. Wazo tupu halilindwi, kinacholindwa ni namna ulivyoliandika, kwa hiyo usisimulie tamthilia ambayo bado haijafika kwenye karatasi.

Mtego mmoja waandishi hawaujui: kazi iliyoagizwa. Kikundi kikikulipa uandike tamthilia, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Makubaliano hayo yawe kwa maandishi kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Na kama umegeuza riwaya ya mtu kuwa tamthilia, tafuta ruhusa kabla ya kutuma popote, kwani nchini Kenya ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Baada ya kutuma

Ngoja miezi mitatu, kisha ulizia mara moja kwa baruapepe fupi. Kutuma kwa vikundi kadhaa kwa wakati mmoja si dhambi ukisema wazi. Mmoja akikubali, wajulishe wengine siku hiyo hiyo. Ukigundua kosa baada ya kutuma, liache, ila kama kurasa zimekosekana. Anayetuma rasimu mpya kila wiki husomwa mwisho.

Wakikubali, mara nyingi wataanza na usomaji mbele ya watu wachache. Uliza mapema kama mabadiliko ya maneno yanahitaji idhini yako, na mswada uupe namba na tarehe kila unapoubadilisha ili waigizaji wasishike nakala tofauti.

Mkataba utaje haki ya kuigiza pekee, kwa idadi fulani ya maonyesho au kwa muda fulani, tuseme miezi 12, kisha haki zirudi kwako. Haki za filamu na uchapishaji ziache nje. Kama malipo ni asilimia, tazama ni asilimia ya nini. Chukua mfano wa hesabu: maonyesho manne, watu 80 kila onyesho, kiingilio shilingi 1,000, jumla shilingi 320,000. Asilimia 7 ya mapato ya mlangoni ni shilingi 22,400. Asilimia 7 ya kilichobaki baada ya gharama za shilingi 290,000 ni shilingi 2,100. Kikundi kikisisitiza njia ya pili, omba badala yake kiasi maalumu kwa kila onyesho, kilipwe usiku huo huo, pamoja na tikiti mbili za bure.